Shajara ya mradi: spea nyuma ya Land Cruiser 80, Mtwara

Gari: Land Cruiser HZJ80, injini ya dizeli ya 1HZ, imeinuliwa inchi 2, tairi 285/75R16. Kazi: kuitoa spea (tairi la akiba) uvunguni na kuiweka nyuma, kwenye mkono unaofunguka kwa bawaba. Gereji ipo Mtwara mjini. Njia za kawaida za gari hili ni Msimbati, Tandahimba na Newala, na Nachingwea hadi Liwale.

Siku ya 1. Uvunguni hapafai tena

Spea ya 80 hukaa chini ya sakafu ya nyuma, imening'inizwa kwa mnyororo wa winchi ndogo. Nafasi ile ilipimwa kwa tairi dogo. Hili la sasa lina kipenyo cha mm 834, na hata mnyororo ukivutwa hadi mwisho bado linachungulia chini ya bampa, huku ubavu wake ukiliachia bomba la ekzosi upana wa vidole viwili tu. Gari likitoka mtaroni, kinachoburuza kwanza ni tairi.

Hilo lingevumilika. Lisilovumilika ni mchanga wa Msimbati. Gari likizama hadi ekseli, spea ya uvunguni imezama nalo. Hakuna nafasi ya kuiteremsha, na bila koleo huioni. Halafu mchangani ndiko tairi linakopunguzwa upepo hadi psi 16 au 18, na tairi laini hivyo likikatwa kona kwa ghafla huvuka ukingo wa rimu. Kwa hiyo saa ya kuihitaji spea na saa ya gari kukaa kwa tumbo mara nyingi ni ile ile.

Mnyororo umetolewa na kusuguliwa kwa brashi ya waya. Pingu mbili zimeliwa na kutu hadi nusu ya unene wake. Hewa ya chumvi hailiachi salama gari linalolala pwani, na winchi hii iko pale ambapo magurudumu hurusha kila kitu.

Spea imepimwa kwenye mizani ya korosho: kilo 40, tairi pamoja na rimu ya chuma. Tarakimu hiyo ndiyo inayoongoza kila kipimo kilicho chini. Asiyepima spea yake asikate chuma bado.

Siku ya 2. Iende wapi?

Juu ya keria: inafaa kwa anayesafiri na vijana wawili wenye mabega. Kuinua kilo 40 kupita kichwa, barabarani, peke yako, ni kuumia kiuno. Gari lililoinuliwa nalo linaongezewa uzito pabaya. Tena rimu iliyolazwa hujaa maji ya mvua, na baada ya wiki unafuga mbu.

Ndani ya buti: hakuna kazi ya kuchomelea, lakini nusu ya buti imekwisha, na lazima ifungwe kwa mikanda minne kwenye sakafu. Spea isiyofungwa, gari likipinduka, inamfuata dereva.

Kwenye mlango: mlango wa 80 hii umegawanyika, nusu hupanda na nusu hulala. Hauna mahali pa kubeba tairi.

Imebaki bampa mpya yenye mkono. Kabla ya kukubali, hesabu moja. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mm 2,850. Spea itakaa mm 1,250 nyuma ya ekseli ya nyuma. Hapo inafanya kazi kama mtoto kwenye ncha ya pembea: 40 × 4,100 ÷ 2,850, yaani ekseli ya nyuma inapokea kilo 57 na nusu, na hizo 17 na nusu za ziada zimenyanyuliwa kutoka mbele. Kila sentimita unayoirudisha spea karibu na mlango ni faida, kwa hiyo nafasi kati ya tairi na mlango imewekwa mm 40, basi.

Siku ya 3 na ya 4. Bampa

Boriti kuu ni mraba wa 100 × 100 × 4, urefu mm 1,600. Unashikwa na vibao vya sahani ya mm 8 kila upande, bolti nne za M12 daraja la 8.8 kwa kila upande, zimekazwa Nm 80. Hakuna kilichochomelewa kwenye chasisi. Chasisi ya 80 ni ya boksi, na bolti inayopita boksi tupu huiminya ikikazwa. Kwa hiyo ndani ya kila tundu kumewekwa bomba fupi la urefu sawa na upana wa chasisi, bolti ikapita humo. Bila bomba hilo unakaza leo, kuta zinaingia ndani, na baada ya mwezi bolti imelegea huku nati haijasogea.

Bampa imechomelewa ikiwa chini, si garini. Palipolazimu kushika kwa doa moja garini, nyaya za betri zilitolewa kwanza, zote mbili.

Rodi za kuchomelea zilizotumika ni aina ya 6013: za mm 2.5 kwa chuma cha mm 3, kwa ampea 80, na za mm 3.2 kwa chuma kinene, kwa ampea 115 hadi 125. Zilikuwepo 7018, ambazo kwa kazi kama hii ni bora, lakini pakiti ilikuwa imefunguliwa na unyevu wa pwani ulikwishaingia. Rodi hiyo ikilowa huacha matundu ndani ya weldi ambayo jicho halioni, na hapa mjini si kila gereji ina tanuri la kuikaushia. Heri 6013 kavu.

Siku ya 6. Bawaba

Hapa ndipo mikono mingi ya spea inapofia, kwa hiyo muda mwingi umekwenda hapa.

Pini ya bawaba imekerezwa kutoka chuma laini cha mm 50. Wengi huchukua nusu-ekseli ya zamani kwa sababu ni ngumu na inapatikana bure. Ni ngumu kweli, na ugumu huo ndio unaoiharibu: ikichomelewa bila kupashwa moto kwanza hupasuka pembeni ya weldi, pengine siku hiyo hiyo ikipoa, pengine baada ya wiki mbili porini.

Sehemu ya chini ya pini, mm 50 kamili, inapita ukuta wa juu na wa chini wa boriti, imechomelewa pote pawili, na juu pana kola ya sahani ya mm 10. Pini iliyosimamishwa juu ya ukuta mmoja tu wa mm 4 hutikisa ukuta huo kama bati. Kisha inapungua hadi mm 40, ambapo mdomo wa oili sili (mpira wa kuzuia grisi isitoke) hukaa, kisha mm 30 kwa beringi, na mwisho uzi wa M24 wenye tundu la pini ya kufungia nati.

Beringi ni mbili za 30206: ndani mm 30, nje mm 62, unene mm 17.25. Zinapatikana kwa urahisi, na aina hii yenye roli za mshazari hukazwa hadi mchezo wote, yaani kulegea, uishe. Oili sili ni 40 × 62 × 8. Kutoka katikati ya beringi moja hadi nyingine ni mm 110. Ndogo hiyo? Tuone. Katikati ya spea iko mm 550 kutoka kwenye pini, na mkono wenyewe una kilo 15 zilizo kama mm 500 kutoka hapo. Kilo 40 × 0.55 ni 22, na 15 × 0.5 ni 7.5, jumla 29.5. Gawanya kwa 0.11: kila beringi inasukumwa pembeni kwa takriban kilo 268 mkono ukiwa wazi na gari limesimama. Kwa 30206 huo ni mzigo mdogo. Lakini kama mkono ungebaki unaning'inia hivyo barabarani, na gari likaruka kwenye mawimbi ya barabara ya vumbi kwa nguvu ya mara tatu, ni kilo 800 na zaidi, mara kadhaa kwa sekunde, kwenye beringi isiyozunguka. Beringi iliyotulia ikipigwa hivyo, roli huchimba vijishimo kwenye bakuli (pete ya nje ya beringi), na baada ya hapo mkono ukifunguliwa unasikia tak, tak, tak.

Tiba yake haiko kwenye beringi kubwa zaidi. Iko upande wa pili wa mkono, na imeandikwa siku ya 9.

Siku ya 7. Kosa

Nyumba ya beringi ilikerezwa vizuri, tundu mm 62, nje mm 78, kisha mkono ukachomelewa juu yake. Bakuli la chini liligoma kuingia, la juu likaingia kwa kidole. Kipimo kilionyesha tundu limekuwa yai, tofauti ya mm 0.3 kati ya upande wa weldi na upande mwingine. Weldi ikipoa huvuta chuma, na ukuta wa mm 8 hauna ubavu wa kukataa.

Nyumba ya pili imetobolewa mm 58 tu, ikachomelewa kwenye mkono, ikaachwa ipoe yenyewe usiku kucha bila kumwagiwa maji, kisha mkono mzima ukapelekwa kwenye kerezo na tundu likamaliziwa hadi pungufu kidogo ya mm 62, ili bakuli liingie kwa nyundo na kipande cha shaba. Fundi wa kerezo alilalamika kuhusu urefu wa mkono unaozunguka hewani, na ana haki. Kwa hiyo vipande virefu vichomelewe baadaye: kwanza nyumba na kipande cha mkono cha mm 200, kerezo, halafu mengine yaungwe mbali na tundu.

Pini ilisimamishwa kwa timazi gari likiwa kwenye sakafu iliyopimwa kwa pima maji, tairi zote zikiwa na upepo sawa. Ikiegemea nyuma hata kidogo, mkono hujifungua wenyewe na kumgonga mtu gotini.

Kukaza nati: zungusha mkono huku ukikaza hadi usikie uzito, legeza, kaza tena hadi mchezo uishe, halafu endelea mbele hadi tundu la pini linalofuata. Kwenye habu ya gurudumu ungerudi nyuma. Bawaba haizunguki kwa kasi, kwa hiyo kubana kidogo hakuipashi moto.

Siku ya 9. Kabari na komeo

Komeo huvuta mkono kuelekea bampa. Halibebi uzito, wala lisiachiwe kazi hiyo. Uzito unabebwa na kabari: kipande cha sahani ya mm 10 chenye mteremko, kimefungwa kwenye bampa upande wa kushoto, mm 1,050 kutoka kwenye pini. Mkono ukifungwa hupanda mteremko huo na kuinuka mm 3. Tangu hapo mzigo umegawanyika, kama nusu kwenye pini na nusu kwenye kabari, na ile hesabu ya kilo 800 haipo tena.

Juu ya kabari kuna kipande cha plastiki ngumu ya mm 12, kilichokatwa kutoka ubao wa jikoni wa kukatia nyama. Mpira wa tairi kuukuu ulijaribiwa kwanza, nao haukufaa: unabonyea, mkono unadunda juu yake.

Namna ya kupima: weka kipande cha karatasi ya daftari kati ya mkono na kabari, spea ikiwa imefungwa, kisha funga komeo. Karatasi ivutwe ichanike. Ikitoka nzima, mkono unaelea.

Komeo ni la kukaza kwa mkono, lile linalovuka katikati na kujifunga, pamoja na pini ya usalama ya mm 8 yenye kamba. Upande wa bawaba kuna pini nyingine ya springi, mm 12, inayoingia kwenye tundu mkono ukifika nyuzi 95. Upepo wa baharini unatosha kabisa kuurudisha mkono wakati mtu ameingiza kichwa butini.

Siku ya 10. Sahani ya spea

Sahani ya mm 8, stadi tatu (bolti zinazoshika rimu). Rimu ya 80 ina matundu sita kwenye duara la mm 139.7. Kuchora ni rahisi kuliko inavyoonekana: fungua bikari mm 69.85, chora duara, na bila kuigusa tembeza bikari hiyo hiyo juu ya duara. Inaingia mara sita kamili. Chukua alama moja, ruka moja. Kati ya stadi hadi stadi lazima upate mm 121. Ukipata 120 au 122, rimu itaingia kwa kulazimishwa na uzi utaliwa.

Stadi na nati ni za uzi ule ule wa magurudumu ya gari, ili spana iwe moja na nati zilizopo nyuma ziwe akiba. Stadi ya juu ni ndefu kuliko zingine kwa mm 20. Rimu inatundikwa kwanza hapo, mikono inapumzika, ndipo zile mbili za chini zinatafutwa.

Katikati ya spea iko mm 1,050 kutoka ardhini, kwa hiyo ukingo wa chini wa tairi uko mm 633. Kwa aliye peke yake: fungua mkono hadi pini ya springi iingie, egemeza ubao wa mita moja na nusu, viringisha tairi juu ya ubao badala ya kuliinua. Valvu itazame nje. Spea ambayo upepo wake haupimiki bila kuishusha haitapimwa kamwe.

Nguzo, ile iliyosimama juu ya mkono na kushika sahani hii, ina vituo viwili vya bomba ambavyo ubavu wa tairi unavibana nati zikikazwa. Tairi lenyewe linageuka kuwa springi, na halitikisiki.

Kibao cha namba na taa yake vimehamishiwa kushoto. Taa zote za nyuma zinaonekana mkono ukiwa umefungwa. Hilo limekaguliwa kwa kusimama nyuma ya gari na pembeni yake.

Siku ya 12. Rangi

Grenda, brashi ya waya, praima ya zinki, rangi mara mbili. Matundu ya mm 8 ya kutoa maji chini ya kila boksi. Ncha zote zimezibwa.

Siku ya 14. Mtwara hadi Msimbati na kurudi

Lami kimya. Baada ya hapo, vumbi na mawimbi, sauti ndogo ya kugonga ilianza nyuma, ikakua. Ufukweni spea ilitolewa na kurudishwa mara mbili kwa mtu mmoja na ubao. Kila mara chini ya dakika tano.

Gari lilipooshwa, mguu wa nguzo, pale kisahani cha pembetatu cha kuuimarisha kinapoishia juu ya mkono, ulionyesha mstari mwekundu wa urefu wa mm 14. Ulikuwa mwembamba kama unywele, vumbi limejipanga ndani yake kama wino. Kuthibitisha: pakaa dizeli, subiri dakika kumi, futa hadi pakauke, sugua chaki nyeupe, gonga kidogo kwa nyundo. Chaki ilichora ufa wenyewe, na ulikuwa mm 19, mrefu kuliko ulivyoonekana.

Karatasi ya daftari ilitoka nzima kwenye kabari. Matundu ya bolti za kabari yalifanywa marefu ili irekebishike, na kwa mtikisiko kabari ilikuwa imeteleza chini mm 1.5. Mkono ukaanza kuelea, komeo likabaki peke yake, nguzo ikawa inapiga mbele na nyuma, na ufa ukaanzia panapokutana sehemu isiyopinda na sehemu inayopinda. Kulaumu weldi kungekuwa rahisi. Weldi ilikuwa nzima. Ufa ulikimbia pembeni yake.

Siku ya 15 na ya 16. Matengenezo

Tundu la mm 4 kila ncha ya ufa, ili usiendelee. Ufa umefunguliwa kwa grenda hadi umbo la V, umejazwa, umesawazishwa. Kisahani cha pembetatu kimeondolewa na kuwekwa kipya chenye ncha ndefu inayopungua taratibu, na weldi imezunguka ncha badala ya kukatikia hapo. Kila upande wa nguzo kimoja, vimeshika kuta za pembeni za mkono, si mgongo wake.

Chini ya kabari sasa kuna bolti ya M10 inayoisukuma juu, na nati ya kuifunga. Matundu marefu yamebaki, lakini kabari haina pa kutelezea.

Nati ya pini ililegezwa na kukazwa upya: beringi mpya hujikalisha, na ilikuwa imeacha mchezo mdogo unaosikika ukishika ncha ya mkono na kuinua. Hii ifanyike baada ya safari ya kwanza kwa kila bawaba ya namna hii, hata kama hakuna kelele.

Grisi iliongezwa kwa pampu hadi oili sili ikaanza kusukumwa nje. Mipigo minne ya pampu ilitosha. Wa tano ulikuwa wa tamaa.

Siku ya 17. Springi na taa

Kutoka katikati ya gurudumu la nyuma hadi ukingo wa tao: kabla ya mradi mm 590, sasa mm 576, pamoja na dumu la dizeli la lita 20 nyuma. Pua ya gari imepanda, na taa za mbele zilikuwa zinawapofusha wanaokuja. Zimeshushwa. Springi za nyuma hazibadilishwi mpaka tanki la pili liwekwe, kwa maana zikichaguliwa sasa zitakuwa laini tena.

Siku ya 24. Nachingwea hadi Liwale na kurudi

Karatasi imechanika kwenye kabari kabla ya safari na baada yake. Chaki haikuonyesha kitu kwenye mguu wa nguzo. Mchezo kwenye pini: hakuna. Nati mbili kati ya tatu za spea zilikuwa zimelegea robo mzunguko, kwa sababu rangi mpya kwenye sahani ilikuwa imebanwa na kupungua. Rangi imekwanguliwa pale rimu inapokaa, nati zimekazwa upya, na moja imebadilishwa kwa nati ya kufuli.

Kilichobaki: plastiki ya kabari imelika mm 0.5, kwa hiyo bolti ya M10 imepandishwa. Kipande cha akiba kimekatwa kutoka ubao ule ule na kimefungwa kwa waya ndani ya boksi la vifaa.